Kuupa Mtaa Umeme wa Jua: Mwongozo kwa Kamati za Mitaa ya Lamu

Tarehe 26 Juni 2019, mahakama ya kitaifa ya mazingira nchini Kenya ilifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050 kilichokuwa kijengwe Kwasasi, upande wa bara wa Lamu. Sababu kubwa iliyotolewa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo wakati athari za mradi zilipokuwa zikitathminiwa. Waliosherehekea siku ile walikuwa na haki ya kusherehekea, lakini mji uliokataa umeme wa aina moja umejitwika pia wajibu wa kuonyesha umeme wa aina nyingine, na wajibu huo hautimizwi kwa kusema tu kwamba jua la Lamu ni kali.

Upo mji wa Ujerumani, Freiburg, uliopita njia hiyo kabla yetu. Mwaka 1975 wakulima na wakazi wa eneo la Freiburg waliuvamia na kuukalia uwanja wa Wyhl uliotengwa kwa ajili ya kinu cha nyuklia, na kinu hicho hakikujengwa kamwe. Baada ya kukataa, ilibidi wajiulize umeme utatoka wapi. Mwaka 1981 taasisi ya Fraunhofer ya utafiti wa nishati ya jua ilianzishwa mjini humo, na katika miaka ya 1990 kambi ya zamani ya jeshi la Ufaransa ikaanza kugeuzwa kuwa mtaa wa Vauban, ambako majirani walijiunga katika makundi wakajenga nyumba kwa ushirika, na magari yakawekewa maegesho pembezoni. Karibu na hapo msanifu majengo Rolf Disch alibuni nyumba 59 ambazo, kwa hesabu ya mwaka mzima, huzalisha nishati nyingi kuliko zinayotumia. Inachekesha kidogo kuona kwamba Wajerumani wamelipia kwa mipango ya miaka na fedha nyingi mtaa usiopitwa na magari, ilhali mitaa yetu ya Mkomani na Langoni imerithi neema hiyo bila kutoa hata shilingi.

Maelezo yafuatayo yameandikiwa kamati ya mtaa, yaani watu ambao tayari wanaaminiwa kukusanya mchango wa kisima, wa madrasa au wa mazishi, na ambao sasa wanafikiria kuingiza umeme wa jua katika maisha ya pamoja. Msimamo wangu ni kwamba paneli ndiyo sehemu rahisi kuliko zote, kwa kuwa hununuliwa dukani. Miradi mingi huangushwa na matumizi ambayo hayakupimwa na mali ambayo haina mwenyewe, na ndiyo maana daftari na makubaliano vimepewa hapa nafasi kubwa kuliko vyuma.

Pimeni kwanza

Kabla ya kuita fundi yeyote, chagueni nyumba chache zinazotofautiana: ya mawe ya zamani, ya matofali ya saruji yenye paa la bati, ya ghorofa iliyopangishwa, na moja yenye duka chini. Kila nyumba iandike kwa wiki 2 namba iliyo kwenye mita, kila siku saa ile ile, na kando yake iorodheshe vifaa vinavyotumia umeme pamoja na muda wa kutumika. Wenye mita za tokeni watapata namba hizo kwa urahisi. Uniti moja ni sawa na wati-saa 1,000.

Tuchukue nyumba ya mfano. Taa 5 za LED za wati 9, zikiwaka saa 5 kila usiku, hutumia wati-saa 225. Feni 2 za wati 60 zinazozunguka saa 8 hutumia 960. Friji ndogo iliyo katika hali nzuri hutumia karibu 1,000 kwa siku, televisheni ya wati 60 inayowashwa kwa saa 4 hutumia 240, na simu zote za nyumbani pamoja zinaweza kuhesabiwa kuwa 50. Jumla ni 2,475, yaani takriban uniti 2.5 kwa siku. Hesabu hii fupi inafundisha jambo ambalo wengi hulipuuza: friji na feni zimechukua karibu asilimia 80 ya umeme wote, na taa, ambazo ndizo hutajwa kwanza kila watu wanapozungumzia kubana matumizi, hazikufika asilimia 10.

Kwa hiyo fedha ya kwanza ya mradi itumike kupunguza mahitaji. Friji kuukuu ambayo mpira wa mlango wake umelegea hula paneli nzima peke yake, na kubadilisha mpira huo ni kazi ndogo isiyolingana kabisa na gharama ya paneli. Feni za kisasa zinazotumia wati 30 hufanya kazi ya zile za wati 60. Na hapo ndipo nyumba ya Kiamu, yaani ya jadi ya Lamu, inapostahili kutazamwa upya. Kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa hupokea joto polepole, kiwanda, yaani ua wa katikati ya nyumba, hutoa hewa moto juu, na vichochoro vyembamba huifanya nyumba moja iikinge nyingine na jua; vyumba vya ndani vya nyumba kama hiyo vinaweza kukalika adhuhuri bila feni kabisa. Nyumba mpya ya saruji na bati haina kinga hizo, lakini inaweza kusaidiwa kwa kupaka paa rangi nyeupe, kuweka dari chini ya bati na kuacha matundu ya hewa pande mbili zinazokabiliana. Anayebomoa ukuta wa mawe ili ajenge wa matofali membamba, kisha akanunua kiyoyozi, amejiwekea deni la umeme la maisha.

Msisahau kalenda. Katika mwezi wa Ramadhani matumizi huhamia usiku: jiko, taa na feni hufanya kazi kuanzia futari hadi daku, na misikiti hujaa kwa tarawehe. Wakati wa Maulidi nyumba hupokea wageni na kila tundu la umeme huwa na simu. Mfumo uliopimwa kwa siku ya kawaida utashindwa katika majira hayo, kwa hiyo daftari liwe na safu ya matumizi ya mchana na safu ya matumizi ya usiku, kwa sababu usiku ndio unaoamua ukubwa wa betri, na betri ndiyo inayokula fedha.

Paa gani, na jua la nani

Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na mabadiliko ya nje ya majengo yake yanahitaji idhini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Wapo wanaoliona sharti hili kuwa kikwazo cha maendeleo. Mimi naliona kuwa mwongozo mzuri wa uhandisi, maana sehemu kubwa ya paa ambazo wahifadhi watazikataa ni zile zile ambazo fundi mwaminifu angezikataa.

Paa la makuti haliwekwi paneli. Halina nguvu ya kushikilia fremu wakati wa upepo wa kusi, na waya wa jua unaolegea unaweza kutoa cheche zisizokoma hadi jua lizame, jambo ambalo juu ya makuti halihitaji maelezo zaidi. Hata betri na inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani, zisiwekwe chini ya makuti moja kwa moja. Dari bapa ya chokaa, yaani paa tambarare la nyumba ya mawe lililolala juu ya boriti, inaweza kubeba paneli, lakini kwa masharti. Paneli moja ya wati 400 ina eneo la karibu mita 2 za mraba na uzito unaozidi kilo 20. Uzito huo si mkubwa, ila mafundi wengi huongeza matofali ya saruji ya kukandamiza fremu ili wasitoboe sakafu, na matofali hayo yakirundikwa juu ya boriti zilizooza vichwani ndani ya ukuta, mzigo unakuwa wa hatari. Muiteni mjenzi anayezijua nyumba za mawe, agonge kila boriti kabla ya kitu chochote kupandishwa juu. Paneli zilazwe nyuma ya ukingo wa dari ili zisionekane kutoka baharini wala kutoka kichochoroni, na kwa bahati nzuri Lamu hilo halina hasara, kwa sababu tuko takriban nyuzi 2 tu kusini mwa ikweta na paneli hazihitaji kusimamishwa. Mlalo wa nyuzi 10 unatosha kuteremsha maji ya mvua pamoja na vumbi. Zielekezwe kaskazini, kwani jua hupita upande huo kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Septemba, na katika kipindi hicho ndimo zilimo siku za mawingu ya masika ambazo hazitaki kupoteza mwanga hata kidogo.

Tatizo kubwa la mji wa kale ni kivuli. Nyumba zimeshikana, na jirani mwenye ghorofa moja zaidi hufunika dari ya mwenzake nusu ya siku. Paneli zilizounganishwa kwa mfuatano mmoja hutegemeana, kiasi kwamba kivuli kinachoangukia moja huzirudisha nyuma zote zilizo katika mfuatano huo. Basi, kabla ya kuchagua dari, mtu akae juu asubuhi, adhuhuri na alasiri, achore kwa chaki mipaka ya kivuli. Kisha kamati ikabili swali la kisheria na la kijirani kwa pamoja: itakuwaje jirani akiongeza ghorofa mwaka ujao? Watu wa Lamu wamezoea kukubaliana juu ya ukuta wa pamoja, juu ya dirisha linalotazama ua wa mwenzio, na juu ya wikio linalovuka kichochoro. Makubaliano ya jua ni ya jinsi hiyo hiyo, na yanafaa yaandikwe mbele ya mashahidi na kuwekwa pamoja na hati za nyumba.

Pale dari za mtaa zisipofaa, msilazimishe. Shule, zahanati, soko na majengo ya bati ya pembezoni mwa mji yana paa pana lisilo na kivuli, na kwa maoni yangu paa moja la shule lililotumiwa vizuri lina faida kwa mtaa kuliko paneli ishirini zilizotawanywa juu ya dari zenye kivuli.

Chumvi, joto na fundi

Hewa ya Lamu hula vyuma. Fremu ziwe za alumini, na nati na bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316, kile kinachotumiwa kwenye vyombo vya baharini. Daraja la 304, ambalo ni rahisi zaidi na ndilo hujaa madukani, huanza kutoa madoa ya kutu mapema karibu na maji ya chumvi. Bolti za chuma kilichopakwa zinki zisikubaliwe kabisa. Alumini isigusane moja kwa moja na chuma cha aina nyingine, bali itenganishwe kwa washa ya plastiki au mpira, kwa sababu metali mbili tofauti zikikutana penye chumvi na unyevu moja huliwa. Masanduku ya viungo vya waya yawe yamezibwa barabara dhidi ya maji na vumbi, na waya ziingie kwa chini, si kwa juu.

Joto nalo lina hesabu yake. Uwezo ulioandikwa nyuma ya paneli umepimwa katika nyuzi 25 za Selsiasi, na kila nyuzi inayozidi hapo hupunguza umeme kwa takriban asilimia 0.35. Paneli iliyofika nyuzi 60 juani imekwisha kupoteza karibu asilimia 12. Acheni nafasi ya shubiri moja au zaidi kati ya paneli na paa ili upepo upite. Paneli zioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, asubuhi mapema kabla hazijapata moto, mara moja kwa mwezi wakati wa kaskazi ambapo mvua ni haba.

Mfunga mitambo awe na leseni ya mamlaka ya nishati na petroli, EPRA. Mwombeni aionyeshe, na mumwombe pia mchoro wa waya kabla ya kuanza kazi. Asiyeweza kuuchora asipewe kazi. Sehemu ya malipo, tuseme asilimia 20, izuiliwe hadi mfumo uwe umefanya kazi mwezi mzima na namba zake zikafanana na alizoahidi. Tukirudi kwenye nyumba yetu ya mfano, mwezi wa kawaida unaweza kuhesabiwa kuwa na saa 5 za jua kamili kwa siku, na robo ya umeme hupotea njiani kwa joto, waya na inveta. Gawanyeni 2,500 kwa 3.75, yaani robo tatu ya 5, mtapata wati 667, yaani paneli 2 za wati 400. Lakini kwa mwezi wa Mei, kwa tahadhari, hesabuni saa 4: jibu linapanda hadi wati 833, na hapo paneli ya tatu inajitetea yenyewe. Betri ihesabiwe kwa usiku: taa 225, feni 960, televisheni 240 na nusu ya friji 500, jumla 1,925. Betri ya lithiamu haifai kumalizwa zaidi ya asilimia 80, kwa hiyo inahitajika ya uniti 2.4. Ya asidi na risasi haifai kushuka chini ya nusu, kwa hiyo ukubwa unafika uniti 3.85, na ule urahisi wa bei uliomvutia mnunuzi unayeyuka.

Mali iwe ya nani

Mwaka 1997 serikali ya Denmark ilikichagua kisiwa cha Samsø, chenye wakazi takriban 4,000, kiwe kielelezo cha kujitegemea kwa nishati jadidifu. Katika muda wa miaka 10 kisiwa hicho kilisimamisha mitambo 11 ya upepo nchi kavu na 10 baharini, na kwa hesabu ya mwaka kikawa kinazalisha umeme wa upepo kuliko kinaotumia, ziada ikienda bara kwa waya unaopita chini ya bahari. Søren Hermansen, mwenyeji wa kisiwa aliyeongoza kazi hiyo, alitumia muda mwingi katika mikutano ya wakazi. Mitambo mingi ilimilikiwa na wakulima, na wakazi wa kawaida walinunua hisa, kwa hiyo kelele ya mapanga ambayo ingekuwa kero kama mitambo ingekuwa ya kampuni ya mbali haikuwa kero ilipokuwa mali ya mtu mwenyewe. Lamu haina sababu ya kunakili mitambo yao, lakini kanuni ya umiliki inasafirika.

Kwetu kuna njia zaidi ya moja. Chama au kikundi kilichosajiliwa chini ya sheria ya usajili wa makundi ya kijamii ya mwaka 2022 kinaweza kufungua akaunti, kununua vifaa kwa jumla na kusaini mkataba. SACCO inaweza kuwakopesha wanachama, kila nyumba ikalipa kidogo kidogo kwa kiasi ilichozoea kununulia tokeni na mafuta ya jenereta. Wapo pia watakaotaka kutoa paneli wakfu kwa msikiti au madrasa, na hilo ni jambo jema lenye mizizi mirefu katika mji huu, ila nashauri wakfu uishie kwenye paneli na fremu, ambazo huweza kutumika miaka 25. Betri na inveta hufa mapema, nazo zikitolewa sadaka mara moja bila mfuko wa kuzibadilisha, msikiti utabaki na paneli nzima juu na giza chini. Watumiaji wenyewe ndio wabebe gharama ya vifaa vinavyokufa.

Hesabu ya mfuko huo ni nyepesi. Chukueni bei ya betri, mgawanye kwa miezi 120. Ndicho kiasi cha kuweka kando kila mwezi kwa betri ya lithiamu iliyotunzwa. Ikiwa betri imegharimu shilingi 120,000, mtaa uweke shilingi 1,000 kwa mwezi, na nyumba 10 zikishirikiana kila moja itatoa 100. Fanyeni vivyo hivyo kwa inveta. Fedha hiyo isichanganywe na ya harusi wala ya msiba, hata kama mfiwa ni mwenyekiti. Mweka hazina asome hesabu hadharani kila baada ya miezi mitatu, na ufunguo wa chumba cha betri uwe na mtu tofauti na anayeshika daftari.

Kuna mpaka mmoja wa kisheria ambao kamati nyingi huuvuka bila kujua. Kuzalisha umeme wa matumizi yako mwenyewe kwa kiwango kidogo ni ruhusa. Kutandika waya hadi kwa jirani na kumtoza kwa uniti ni biashara ya umeme, nayo inahitaji kibali cha EPRA. Njia nyepesi kwa mtaa ni kununua pamoja lakini kila nyumba itumie vyake, na pale ambapo nyumba haina dari inayofaa, mtaa uuze huduma badala ya umeme: barafu, maji, sehemu katika friji la pamoja, au kuchaji vifaa.

Jua la mchana ligeuzwe barafu na maji

Udhaifu wa umeme wa jua ni kwamba huja wakati watu wengi hawapo nyumbani. Betri ni njia ghali ya kuusubirisha hadi usiku. Njia rahisi ni kuupa kazi ya kufanya mchana ule ule, kazi ambayo matunda yake huwekeka.

Barafu ni kazi ya kwanza ninayoipendekeza. Mvuvi wa Matondoni, Kipungani au Kizingitini anayekosa barafu huuza samaki wake kwa bei ya mnunuzi wa kwanza, kwa sababu kila saa inayopita samaki hupungua thamani. Mashine ya barafu ikifanya kazi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri kwa umeme wa jua, kisha barafu ikahifadhiwa katika sanduku lenye kuta nene za povu, mtaa umehifadhi jua bila betri. Wavuvi tayari wana uongozi wa fuo, zile kamati za BMU, kwa hiyo hakuna haja ya kuunda chombo kipya. Bei ya barafu iwekwe kwa kilo na ibandikwe ukutani. Mashine ichaguliwe kwa kufuata kiasi cha samaki wanaoletwa ufukweni katika miezi ya kusi, bahari inapochafuka na vyombo vingi kubaki ufukweni, ili isikae bure nusu ya mwaka. Mahitaji ya ziada ya barafu wakati wa kaskazi yanaweza kufidiwa kwa kununua umeme wa gridi ya taifa.

Maji yanahitaji tahadhari zaidi. Mji wa Lamu hutegemea visima vya eneo la vilima vya mchanga vya Shela, ambako maji ya mvua yamekaa juu ya maji ya chumvi kwa sababu ni mepesi zaidi. Kwa kanuni ya uzito wa maji hayo mawili, kiwango cha maji matamu kikishuka sentimita 1 chumvi iliyo chini inaweza kupanda hadi sentimita 40. Pampu ya mafuta huzimwa mafuta yakiisha, na umasikini huo umekuwa mlinzi wa kisima. Pampu ya jua haina gharama ya kuiwasha, kwa hiyo itavuta mchana kutwa isipowekewa mpaka. Wekeni boya la kuizima tangi linapojaa, saa maalumu za kuvuta, na mita ya kupima kiasi kinachotoka. Na kila mwezi mtu apime chumvi ya maji kwa kifaa cha mkononi na kuandika. Namba ikianza kupanda, saa za pampu zipunguzwe siku hiyo hiyo bila kusubiri mkutano. Sambamba na hilo, mabirika ya misikiti na ya majumbani yafufuliwe, na maji ya mvua yanayoteremka kwenye paneli yakusanywe kwa mfereji, kwani paneli ni paa safi.

Gridi na kaunti

Usiwepo ushindani wa kitoto kati ya umeme wa jua na umeme wa gridi. Sehemu kubwa ya umeme wa Kenya hutokana na jotoardhi ya Olkaria, maji na upepo, kwa hiyo kuunganishwa na gridi hakumrudishi mtu kwenye makaa ya mawe. Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 inamruhusu mteja mwenye mfumo usiozidi megawati 1 kurudisha ziada yake kwenye gridi na kupunguziwa bili, ingawa uniti anayorudisha haihesabiwi kwa thamani kamili ya ile anayonunua. Hilo linafaa shule, hoteli na ofisi zaidi ya nyumba ndogo. Mnunuzi aelewe jambo moja ambalo wauzaji hawalitaji: mfumo uliofungwa na gridi bila betri huzimika umeme wa gridi unapokatika, hata jua likiwa utosini, ili usiwadhuru mafundi walio juu ya nguzo. Anayetaka taa wakati wa kukatika kwa umeme anunue inveta yenye uwezo wa kujitenga, pamoja na betri.

Msidanganyike pia kwamba mtambo mkubwa ulio karibu huleta umeme rahisi. Kule Langobaya, Malindi, kuna shamba la jua la megawati 52 lililoanza kazi mwaka 2021, lakini umeme wake huingia gridi ya taifa, na aliye jirani na uzio hulipa bei ile ile ya mteja wa mbali. Faida ya bei kwa mtaa hutoka kwenye paa la mtaa.

Kaunti ina nafasi yake. Katiba ya mwaka 2010 imeipa jukumu la usambazaji wa umeme na gesi katika mipango yake, na Sheria ya Nishati inaitaka iwe na mpango wa nishati. Kamati iende na daftari la vipimo kwenye vikao vya mpango jumuishi wa maendeleo wa miaka 5, kwa sababu ombi lenye namba ni gumu kulitupa. Kuna ombi lisiloigharimu kaunti fedha nyingi: kanuni ya ujenzi. Barcelona iliweka kanuni mwaka 2000 kwamba majengo mapya yapate asilimia 60 ya maji moto kutokana na jua, na gharama ya mitambo ikawa ya wenye majengo. Kwa Lamu, kanuni inayofaa ingewataka wenye hoteli na nyumba mpya za wageni wapashe maji kwa jua na wakinge maji ya mvua. Na kila pendekezo la mtaa, hata liwe zuri kiasi gani, lipitie baraza la wazi, kwa tangazo la mapema na kwa lugha ya watu, maana kiwanda cha Kwasasi kilianguka kwa kukosa hilo.

Jikoni, na mwisho wa vifaa

Umeme wa jua wa nyumba ndogo hautoshi kupikia kila chakula, na asiwepo wa kuahidi hivyo. Jungu la presha la umeme huchemsha maharage kwa theluthi ya uniti au zaidi kidogo, na linafaa adhuhuri kwa nyumba yenye paneli za ziada. Kwa vyakula vingine jiko la makaa lenye udongo ndani, lile linalobana moto, bado ni hatua ya maana kwa mji uliozungukwa na mikoko, hasa kwa kuwa zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko katika kaunti hii.

Kwa taka za plastiki, mji huu umekwisha kuonyesha namna ya kuzitumia tena: jahazi la Flipflopi, lililoundwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa, lilishushwa majini mwaka 2018. Betri ni jambo jingine. Ya asidi na risasi haipasuliwi uani, na ya lithiamu iliyovimba haitupwi jaani wala baharini. Sheria ya mwaka 2022 ya usimamizi wa taka inamwekea mzalishaji wa bidhaa wajibu wa kuishughulikia inapokwisha kazi, lakini sheria haitavuka maji kuja kuchukua betri Mkomani. Andikeni katika mkataba wa kununua kwamba muuzaji atachukua betri iliyokufa kutoka gatini Lamu kwa gharama yake, na mzuie kiasi fulani cha malipo ya mwisho mpaka kipengele hicho kisainiwe, kwa kuwa nauli ya mzigo kwenda bara hulipwa, na miaka 10 baadaye hakutakuwa na mtu wa kujitolea kuilipa.